Jino Lililopokelewa Jukwaani

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mnaosomesha watoto kwenye shule zenye bendera nyingi getini: mkiombwa kuonyesha mila zenu jukwaani, chezeni ngoma. Pikeni chakula. Vaeni nguo za kwenu mpendeze. Lakini ombi msilipandishe jukwaani. Ombi halina maonyesho. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, kupamba maneno sijui, ila jambo hili limenipata na mwili wangu mpaka leo haujatulia. Kwa hiyo nisikilizeni.

Mume wangu Peceli ni dereva wa basi la shule moja ya kimataifa hapa Suva, mji mkuu wa Fiji. Kwa ajili ya basi hilo binti yetu wa pekee, Loata, alipewa nafasi ya kusoma pale bila ada, pamoja na watoto wa mabalozi, wa madaktari na wa wale watu wanaokuja kupima bahari. Kila mwaka shule hiyo ina Siku ya Mataifa. Kila taifa linaweka meza yake ya chakula na kupanda jukwaani. Sisi wenyeji siku zote tulikuwa tunatoa ngoma ya mikuki, watu wanapiga picha, basi.

Mwaka jana mwalimu mkuu, Bi Hargreave, mama wa Kiaustralia mwenye roho nzuri, alimwita Peceli ofisini. Peceli alirudi nyumbani kifua mbele.

"Mama Loata, mwaka huu hawataki ngoma. Bi Mkuu amesema ngoma hata hotelini zipo. Anataka kitu cha kweli. Wametaka tabua."

Tabua ni jino la nyangumi, linang'arishwa na kufungwa kamba ya nyuzi za nazi. Nikaacha kukuna nazi.

"Kwani tabua ni ya kuchezea?"

"Sijasema kuchezea. Nimesema kuonyesha. Nitakaa pale, mtu aje na jino, aombe, nilipokee, watu wapige makofi. Tofauti ipo."

"Tofauti ipi?"

"Wewe shughulika na samaki wako," akasema, akacheka.

"Na jino utalitoa wapi? La kwetu si lilikwenda kwenye msiba wa baba mdogo?"

"Hilo niachie mimi."

Nikamwachia. Jioni ile alitoka nje na simu, akampigia dada yake. Mimi nilikuwa jikoni, alichomwambia sikukisikia.

Watoto wa mjini wanasahau, kwa hiyo acheni nikumbushe. Anayekuja na jino anapiga magoti, na msemaji wake anataja haja yake. Ukilishika, ukalinusa, ukatamka kwamba umelipokea, haja imekubaliwa. Hakuna tena "ngoja nikafikirie". Ndiyo maana mtu mwenye akili huulizia haja mapema, jino likiwa bado mkobani.

Sasa huyo dada yake. Wifi yangu Salanieta ni mkubwa kwa Peceli, anaishi kisiwani Taveuni kwenye nyumba ya wazazi wao. Mumewe alifariki, na mtoto hakujaliwa. Tangu Loata yuko kwenye kanga, kila tukienda kule likizo, wifi anampakata na kusema, "Huyu nipeni mimi. Nyinyi mna Suva nzima, mimi nina nini?" Peceli, badala ya kusema hapana kama mwanamume, alikuwa anacheka. "Dada, mtoto haombwi kwa mdomo mtupu. Njoo na jino!" Naye hujibu, "Subiri tu. Nitakuja nalo." Wote tunacheka. Mimi nacheka nao huku nimemshika mwanangu mguu.

Mzaha mzaha, wahenga walisema, hutumbua usaha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Watoto wa Kikorea na magauni yao mapana kama maua, kijana mmoja na kilemba cha zambarau, Wasamoa na magimbi yao, Wafaransa na jibini linalonuka. Meza yangu ilikuwa nyuma kabisa. Nilikuwa na beseni la samaki mbichi wa ndimu na tui. Jirani yangu alikuwa Kamla, ambaye mumewe ana duka la matairi. Mwanawe anasoma darasa moja na Loata, na ulimi wa Kamla mwenyewe hauna breki.

"Unaisi, huyo samaki wako amepikwa au bado anaogelea?"

"Amepikwa na ndimu. Hizo roti zako je, umezikanda au umezikanyaga?"

"Nimezikanyaga kwa upendo. Tazama mumeo! Leo amekaa kama bwana harusi. Angalia asipewe mke wa pili hapo hapo."

"Ampe nani? Huyo akioga peke yake ni maajabu."

Tulicheka. Na kweli Peceli alikuwa amependeza, amekaa juu ya mikeka jukwaani pamoja na walinzi wawili wa shule, wamejifunga kiunoni sulu nyeusi, vile vikoi vyetu vya heshima. Loata alikuwa pembeni na wenzake wa darasa, ua nyuma ya sikio. Bi Hargreave akashika kipaza sauti, akaomba watu wanyamaze kwa sababu hii ni sherehe ya heshima. Watu wakanyamaza.

Ndipo nikamwona wifi yangu. Nilijua tu kwamba anakuja kusaidia maonyesho. Meli ilikuwa imechelewa, kwa hiyo aliletwa moja kwa moja kutoka gatini. Alipanda jukwaani kwa magoti, kichwa chini, nyuma yake mzee Maciu, msemaji wa ukoo wao, na binamu wawili wamebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Nikawaza: jamani, kumbe wifi anajua kuigiza hivi!

Maciu akatoa jino mkobani. Nikalijua. Lilikuwa jekundu la kahawia kwa mafuta ya miaka mingi, na kamba yake nzee imefungwa fundo mara mbili. Lilikuwa jino la marehemu baba mkwe. Siku anakata roho lilikuwa mkononi mwake, watu wakalitoa vidoleni kimoja kimoja. Nyumba ile ilikuwa hailitoi, hata tulipofiwa. Nikasema moyoni, wamelisafirisha hilo kwa ajili ya maonyesho?

Kisha binamu wakakunjua kile kitambaa. Ndani mlikuwa na mkeka.

Ulikuwa mkeka mpya, laini, wa ukili mwembamba, na ukingoni una matamvua ya sufu nyekundu, kijani na manjano. Na chini ya matamvua, kwa sufu nyekundu, umesukwa jina: LOATA.

"Lo!" Kamla akasema. "Mpaka jina! Mmejiandaa nyinyi."

Upawa ukaniponyoka. Mkeka wa namna ile unaanzia shambani. Majani yanakatwa, yanachemshwa, yanaanikwa, yanakwaruzwa, ndipo mtu anakaa kusuka mpaka mgongo unakufa ganzi. Hakuna mwanamke chini ya jua anayesuka mkeka ule kwa ajili ya maonyesho ya dakika chache.

"Kamla, mkeka ule ni wa kulalia."

"Si ndiyo kazi ya mikeka?"

"Ni wa mtoto. Wa mtoto anayekwenda kukaa."

Alinitazama, asielewe. Jukwaani Maciu ameshaanza kusema kwa lugha yetu, ile ya ndani, ya wazee. Wageni walisikia kama wimbo. Mimi nilisikia neno moja moja.

"Nimeshika jino la nyumba yetu. Halina ukubwa, lakini ndilo tulilo nalo. Peceli, nyumba ya baba yako iko kimya. Dada yako anaamka peke yake na kulala peke yake. Anamwomba Loata. Alale humo, ale humo, akue humo, na siku ikifika amzike yeye."

Niliruka kutoka nyuma ya meza. Mbele yangu kulikuwa na foleni ya watu na vyombo mkononi. Baba mmoja akaniuliza kama samaki ana pilipili. Nikampita. Nikaita, "Baba Loata!" Sauti ilitoka kama ya kuku aliyekabwa. Mama mmoja aligeuka akajiwekea kidole mdomoni: kimya, sherehe ya heshima.

Nikamwona Peceli usoni. Naapa alisikia. Tabasamu lilibaki palepale lakini macho yakabadilika, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akatazama ukumbi, watu wote wale na simu zao zimeinuliwa. Akamtazama Bi Hargreave, naye akamwitikia kwa kichwa, kwa upole: endelea. Mikono ya Peceli ikatoka mbele. Ikalichukua jino. Akalinusa.

"Nimelipokea jino," alisema. "Nimelipokea na ombi."

Walinzi wakapiga viganja vilivyokunjwa, po, po, po, kama ilivyo desturi. Kisha ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi ya kawaida, miluzi na vigelegele. Bi Hargreave akamwita Loata apande akae juu ya mkeka apigwe picha. Loata akapanda mbio, akakaa, akasoma jina lake, akacheka. Salanieta akamkumbatia akalia kwa sauti. Mama mmoja mwenye kofia kubwa karibu yangu alijifuta machozi. "Uzuri ulioje," alisema.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, mikono inanuka ndimu.

Tulikutana nyuma ya ukumbi, kwenye matangi ya maji. Peceli bado alikuwa na jino mkononi, hajui aliweke wapi.

"Dada," alisema, "si tulikubaliana ni maonyesho?"

Salanieta alikuwa anakunja leso yake. Akaacha. "Maonyesho gani?"

"Nilikwambia! Nilikwambia ni Siku ya Mataifa."

"Uliniambia ni siku kubwa ya shule. Ukasema, 'Dada, njoo na jino la baba. Njoo na msemaji. Omba mbele ya watu, shuleni kwa Loata, mimi nitalipokea.' Hayo siyo maneno yako?"

Peceli akaligeuza jino mkononi.

"Peceli, siyo maneno yako?"

"Ni yangu."

"Miaka yote unaniambia njoo na jino. Safari hii ukapiga simu mwenyewe, ukaniita. Nikapiga magoti sakafuni nikamshukuru Mungu. Nikasuka mkeka." Akanigeukia, na uso wake, nawaambia, haukuwa wa mwizi. Ulikuwa umeshtuka kuliko wangu. "Mama Loata. Wewe hukujua?"

Nilitikisa kichwa.

Mzee Maciu akakohoa. "Limenuswa," alisema taratibu. "Mbele ya watu. Na picha zipo."

Jumatatu nilikwenda kwa Bi Hargreave, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alikuwa ananionyesha picha kubwa ya Loata juu ya mkeka, amepanga kuitundika ukumbini.

"Lakini Unaisi, ilikuwa sehemu ya sherehe!"

"Kwako, Bi Mkuu."

"Kisheria hakuna anayeweza kumchukua mtoto wako. Nitakutafutia wakili leo leo."

"Wakili atanirudishia mtoto. Nani atanirudishia watu?"

Hapo msinielewe vibaya. Serikali ingenisikiliza, hilo najua. Lakini jino lililopokelewa likitupwa, Peceli hana ukoo tena. Akifa, nani ataleta mkeka? Nani atachimba kaburi? Loata akiolewa, nani atakaa upande wake? Bi Hargreave alikaa kitini, akaweka mkono mdomoni.

"Nilitaka kitu cha kweli," alisema.

"Umekipata," nikamwambia. Sikumwambia kwa ubaya. Alikuwa analia na yeye.

Nikaenda kwa kaka yangu Isikeli, anayelima magimbi kando ya mto Rewa. Yeye ni mtu wa utani, hasa kwa shemeji yake. "Dada, mumeo ana pua ya ajabu. Watu wananusa mchuzi, yeye kanusa mtoto mzima." Alipoona sicheki akaweka panga chini.

"Halivunjwi," alisema. "Ila laweza kufunikwa. Jino hufunikwa kwa jino. Tutakwenda na la mama, tutamwomba atuachie Loata. Akilipokea, yameisha."

Jioni ile tulikwenda mtaa wa Nabua, kwenye nyumba ya ndugu zao alipofikia Salanieta. Tulikaa chini sote. Isikeli alipiga magoti, utani wote umemtoka, akaomba kwa maneno mazuri mpaka nikajivunia kuzaliwa naye. Alisema mtoto ana mjomba pia, na mama bado yu hai, na chuchu haisahauliwi. Mzee Maciu alimtazama Salanieta ampe la kujibu. Wifi akajibu mwenyewe.

"Nimesikia. Sina kinyongo na Mama Loata. Mtoto wake namtaka kwa kumpenda. Jino lenu nitalipokea." Nikasogea mbele. "Lakini mimi kijiji kizima kilinisindikiza gatini. Waliniimbia. Siwezi kurudi na mkeka mtupu niseme nilikosea kusikia, maana sikukosea. Peceli apande meli pamoja nami. Asimame mbele ya wazee, aseme kwa mdomo wake kwamba alilishika jino la baba akiwa anacheza. Akisema hivyo, Loata abaki kwa mama yake. Sitamwomba tena."

Kumbe ni hilo tu! Nikamgeukia mume wangu. Nilishaanza kuvuta pumzi.

Peceli alikuwa anasugua magoti yake.

"Sema utakwenda," nikamwambia.

"Mama Loata..."

"Ni safari ya meli moja na maneno machache. Watakutukana, utarudi. Sema."

"Lile jino baba alikufa amelishika."

"Na Loata yuko hai."

Jikoni sufuria lilikuwa linachemka, kifuniko kinagonga. Isikeli alikuwa anamtazama shemeji yake kama mtu anayesukuma gari kwa macho. Peceli akaendelea kusugua magoti. Nimelala na mtu huyu tangu nikiwa msichana. Nimemwona akiruka mtoni wakati wa mafuriko kumtoa ng'ombe wa jirani. Mtu huyo huyo akainamisha kichwa.

"Siwezi," alisema. "Kusema nilimchezea baba mbele ya wazee? Siwezi."

Salanieta akalisukuma jino la mama yetu juu ya mkeka, polepole, mpaka likagusa goti la Isikeli.

Jino la kwanza lilinishtua. Hili neno moja la mume wangu ndilo lililonimaliza. Nilikuwa naogopa mila, kumbe mila ilikuwa imeacha mlango wazi, na aliyekataa kuupita alikuwa mtu wangu mwenyewe.

Salanieta na Loata walisafiri muhula ulipofungwa. Nilimpigia Loata nguo pasi, hata soksi. Gatini alibeba mkeka wake begani hataki mtu amsaidie. Mizigo ilipakiwa, honi ikalia, akanivuta mkono.

"Mama, hii bado ni maonyesho?"

"Nenda umsaidie shangazi na kikapu," nikasema.

Mwaka huu Bi Hargreave hakutuomba kitu. Ile picha hakuitundika, aliniletea nyumbani ikiwa imefungwa kwa karatasi, na mimi sijaifungua. Peceli bado anaendesha basi. Tunaongea: chumvi, sabuni, zima taa.

Kila Jumapili baada ya kanisa napiga simu Taveuni. Loata anasoma shule ya kijijini, ananiambia habari za kaa na za mbwa wao mpya. Jumapili iliyopita alikuwa ananisimulia jinsi alivyosimama kuimba kanisani, mara katikati ya maneno akaita kwa nguvu, "Mama!"

"Nipo, mwanangu," nikasema. "Nipo hapa, sema."

"Siyo wewe, mama," akasema, haraka haraka, kama anayesahihisha jambo dogo. "Subiri kidogo. Muhogo unaungua." Nikasikia anakimbia, na mlango, na sauti ya wifi yangu ikimwitikia kutoka mbali.

Nikasubiri. Simu niliishika mpaka salio likaisha.